Uzi maalumu: Kuanza na mstari wa amri wa GNU Octave (maswali na makosa yote yaletwe hapa)

Safuwima (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Maswali ya Octave (programu huria ya hesabu za namba na matriksi) yametawanyika kwenye nyuzi nyingi na mengi yanajirudia: mbona inakataa kuzidisha, mbona nimepata namba moja wakati nilitaka tano, mbona faili langu halionekani. Tuyakusanye hapa. Naanza na mstari wa amri wenyewe, wajuzi wataendeleza. Sehemu kubwa ya haya inafanya kazi vilevile kwenye MATLAB, programu ya kulipia inayofanana nayo. Pale zinapoachana tutasema.

Kuipata ni rahisi. Ubuntu na Debian: `sudo apt install octave`. Windows: shusha kisakinishi kutoka octave.org. Ni bure kwa leseni ya GPL, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhangaika na programu zilizokrekiwa. Ukiifungua inakuja na madirisha yake: faili, orodha ya vigeu (majina yanayobeba thamani), historia, na dirisha la amri. Kama mashine haina nguvu, au unaingia kwenye seva kwa mbali, achana na madirisha, andika kwenye terminali:

```
octave-cli -q
```

Hiyo `-q` inaondoa maelezo marefu ya mwanzo. Alama ya kusubiri amri itakuwa `octave:1>` na namba inapanda kila ukibonyeza Enter. Kwenye dirisha la amri alama ni `>>`.

Zingatia hili mapema: ukibonyeza Enter kisha ukaona `>` moja tu bila namba, Octave haijakwama. Inasubiri umalizie ulichoanza, mara nyingi ni mabano hayajafungwa au `end` imesahaulika. Malizia, au bonyeza Ctrl+C urudi mwanzo.

Jaribu hii:

```
>> r = 0.55;
>> h = 1.2;
>> pi * r^2 * h
ans = 1.1404
```

Hilo ni tangi la duara lenye nusu kipenyo cha mita 0.55 na kina cha mita 1.2: mita za ujazo 1.1404, yaani lita 1,140. Nukta mkato mwishoni inazuia jibu lisichapwe kwenye skrini, lakini hesabu inafanyika na kigeu kinahifadhiwa. Bila jina, jibu linaingia kwenye `ans`. Usijenge hesabu ndefu juu ya `ans`, maana kila amri isiyo na jina inaifuta iliyopita.

Desimali nne unazoziona ni za kuonyeshwa tu. Ndani mna tarakimu karibu 16. Andika `format long` uzione, na `format` peke yake kurudi kawaida.

Vitufe vya kuzoea tangu siku ya kwanza: mshale wa juu unarudisha amri zilizopita, ukiandika herufi mbili tatu kisha Tab, inamalizia jina, kwenye terminali, Ctrl+R inatafuta kwenye historia. `whos` inaorodhesha vigeu, ukubwa wake na baiti. `clear x` inafuta kigeu `x`, `clear` inafuta vyote. `clc` inasafisha skrini tu, vigeu vinabaki. Wengi wanaandika `clc` wakidhani wameanza upya, kisha namba za zamani zinaingia kwenye hesabu mpya.

---

BintiHesabu

Shukrani mkuu. Swali: kuna faida gani kuandika amri moja moja wakati mtu anaweza kuandika skripti nzima na kuiendesha?

---

mdau_wa_linux

Dada, vyote viwili vinahitajika, ila kwa wakati tofauti. Kwenye mstari wa amri unauliza swali dogo na unajibiwa papo hapo. Unajaribu mstari mmoja, unatazama umbo la jibu, ukiridhika unauhamishia kwenye skripti. Ukiandika mistari 60 kwanza ndipo uendeshe, kosa la mstari wa 4 linaweza kujitokeza kwenye mstari wa 51 na hutajua lilikotoka.

Hata chimbuko la Octave lina uhusiano na hilo. Ilifikiriwa mwaka 1988 kama programu ya kusindikiza kitabu cha chuo kuhusu usanifu wa vinu vya kemikali, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanapoteza muda mwingi kutafuta kwa nini programu zao za Fortran hazifanyi kazi, badala ya kujifunza kemia yenyewe. John W. Eaton akaanza kuiandika rasmi mwaka 1992. Jina limetoka kwa Octave Levenspiel, profesa wa uhandisi wa kemikali aliyemfundisha Eaton na aliyesifika kwa kukokotoa makadirio ya haraka.

Kutunza ulichofanya, anza kikao hivi:

```
diary kikao.txt
```

Kila unachoandika na kila kinachojibiwa kitaingia kwenye faili hilo mpaka uandike `diary off`. `history 20` inaonyesha amri 20 za mwisho, unachagua zilizofaa unazinakili kwenye skripti.

Msaada uko ndani: `help polyfit` kwa fanksheni unayoijua jina, `lookfor interpolation` kama unajua mada tu. Maelezo yakijaza skrini na chini ukaona mistari imesimama, bonyeza nafasi kuendelea na `q` kutoka. Isipokupendeza, `more off`.

---

fundi_namba

Naomba niingie kwenye kiini, maana hapa ndipo watu wanapopotea.

Kwenye Octave kila namba ni matriksi. Hata 5 ni matriksi ya 1x1. Uliza `size(5)` ikujibu `1 1`. Kwa hiyo `*`, `/` na `^` ni alama za hesabu za matriksi, si za kipengele kwa kipengele. Ukitaka kila kipengele na mwenzake, unatanguliza nukta: `.*`, `./`, `.^`.

```
>> x = [1 2 3];
>> x * x
error: operator *: nonconformant arguments (op1 is 1x3, op2 is 1x3)
>> x .* x
ans =

   1   4   9
```

Usome ujumbe huo wote, una kila kitu. `op1` ni cha kushoto, `op2` ni cha kulia. Kuzidisha matriksi kunataka safuwima za cha kushoto zilingane na safumlalo za cha kulia. Hapa ni 3 dhidi ya 1, imekataa. `x^2` nayo itakataa, na ujumbe wake unakuelekeza utumie `.^`.

Kosa linalopiga kelele halina shida, unalirekebisha unaendelea. Tatizo ni amri inayokupa jibu safi, bila onyo, na jibu si ulilotaka. Tazameni hii:

```
>> [1 2 3] / [4 5 6]
ans = 0.4156
```

Aliyeandika alitaka moja kwa nne, mbili kwa tano, tatu kwa sita. Octave imeelewa kingine: nitafutie namba moja ambayo ukiizidisha na `[4 5 6]` utakaribia `[1 2 3]` kwa njia ya miraba midogo kabisa. Jibu lake ni 32/77, ni sahihi kwa swali hilo. Alichotaka ni hiki:

```
>> [1 2 3] ./ [4 5 6]
ans =

   0.2500   0.4000   0.5000
```

Mbaya zaidi ni kugawa moja kwa vekta ya safuwima:

```
>> 1 / [1; 2; 3]
ans =

   0.071429   0.142857   0.214286
```

Ulitarajia 1, 0.5, 0.3333. Umepata namba tatu, idadi inalingana, hakuna kosa lililotajwa, na zote si zenyewe. Dalili pekee ni umbo: uliweka safuwima, imetoka safumlalo. Na ukiwa na `[1 2 3]` ya safumlalo, amri hiyohiyo inakataa kwa `nonconformant`. Yaani usalama wako unategemea vekta imelala au imesimama.

La tatu katika kundi hili ni kujumlisha:

```
>> x = [1 2 3];
>> y = [10; 20; 30];
>> x + y
ans =

   11   12   13
   21   22   23
   31   32   33
```

Octave imetanua vyote viwili mpaka vikalingana. Kuna kazi ambazo unalihitaji hili, lakini kama ulikuwa unajumlisha vipimo vitatu na vitatu, sasa una tisa. Ukiendelea na `mean` na `sum` juu yake, hutajua kamwe.

Tabia ninayoisisitiza: ukisoma data, geuza kila vekta iwe safuwima kwa `x = x(:);` kabla ya lolote. Na kabla ya kuamini jibu, `size(jibu)`. Ni amri moja fupi.

---

BintiHesabu

Hii ya `1 / x` sikuwahi kuisikia popote. Na nafasi ndani ya mabano ya mraba zina maana? Nimeona `[1 -2]` na `[1 - 2]` zinatoa majibu tofauti.

---

fundi_namba

Zina maana kubwa. Ndani ya `[ ]` nafasi inatenganisha vipengele. `[1 -2]` ni vipengele viwili. `[1 - 2]` ni kimoja, -1. `[a -b]` ni viwili, `[a - b]` ni kimoja. Ukitumia koma huna cha kubahatisha: `[1, -2]`. Nukta mkato ndani ya mabano inaanzisha safumlalo mpya, si ile ya kuzuia kuchapa.

Mawili ya haraka kuhusu kuchukua vipengele. Kuhesabu kunaanzia 1, si 0, `x(0)` inakataa. Cha mwisho ni `x(end)`. Lakini kuandika nje ya mpaka hakukatai:

```
>> x = [1 2 3];
>> x(6) = 9
x =

   1   2   3   0   0   9
```

Nafasi mbili zimejazwa sifuri kimyakimya. Ukikosea namba ya kipengele ndani ya kitanzi, unapata sifuri ambazo hazikupimwa na mtu yeyote.

---

Safuwima

Naongezea majina. Octave haikatazi kuita kigeu chako `sum`, `max` au `i`. Ukiandika `sum = 10;` kisha baadaye `sum([1 2 3])`, inadhani unataka vipengele vya 1, 2 na 3 vya kigeu chenye kipengele kimoja, na utaona ujumbe wenye maneno `out of bound`. Dawa ni `clear sum`. Fanksheni inarudi ilivyokuwa. Ukiwa na shaka na jina lolote, `which sum` inakuambia linatoka wapi.

Kwa namba changamano andika `1i`, mfano `3 + 2i`, si `3 + 2*i`, maana `i` hutumika sana kwenye vitanzi na inabaki na thamani ya mwisho ya kitanzi.

---

BintiHesabu

Nimeandika fanksheni ya tangi, nimeihifadhi, lakini nikiita napata `error: 'ujazo' undefined`. Faili lipo, naliona kwa macho kwenye folda.

---

mdau_wa_linux

Angalia mambo haya kwa mpangilio, dada.

Kwanza uko folda gani? `pwd` inakuonyesha, `ls` inaorodhesha yaliyomo. Octave inatafuta kwenye folda uliyomo na zile ilizoambiwa. Kuhamia: `cd 'C:/Users/jina/kazi'`. Tumia mkwaju wa mbele hata kwenye Windows, na alama moja za kunukuu. Ukitumia alama mbili pamoja na mkwaju wa nyuma, `"C:\new"`, hiyo `\n` inasomwa kama mstari mpya na njia inavunjika. Usipotaka kuhama, `addpath('C:/Users/jina/kazi')`.

Pili, jina la faili. Notepad ya Windows hupenda kuongeza `.txt` mwishoni, na Windows kwa kawaida inaficha viambishi, kwa hiyo unaona `ujazo.m` kumbe ni `ujazo.m.txt`. `ls` ndani ya Octave inaonyesha jina kamili. Jina lisianze na namba wala lisiwe na kistari cha kati wala nafasi: `ujazo-tangi.m` itasomwa kama ujazo kutoa tangi.

Tatu, jina la faili lifanane na la fanksheni:

```
function v = ujazo(r, h)
  v = pi * r.^2 .* h;
end
```

Hiyo ihifadhiwe `ujazo.m`. Nukta kwenye `.^` na `.*` zinafanya ikubali tangi moja au orodha ya matangi: `ujazo([0.55, 0.7], 1.2)` inatoa majibu mawili.

Ukitaka skripti yenye fanksheni kadhaa ndani yake, faili lisianze na neno `function`, la sivyo Octave inalichukua kama faili la fanksheni. Weka `1;` mstari wa kwanza. Haifanyi lolote ila kuonyesha kwamba hii ni skripti.

---

Kalemie_Lac

Ndugu zangu, salamu kutoka Kongo. Huku Excel nyingi ni za Kifaransa. Nikihifadhi CSV, safu zinatenganishwa kwa nukta mkato na desimali ni koma. Mstari unakuwa hivi: `2023-03-01;12,4;8,0`. Octave inanipa namba zisizo na maana. Nifanyeje bila kubadilisha mpangilio wa kompyuta nzima?

---

Kipima_Mvua

Karibu ndugu. Lisafishe faili ndani ya Octave yenyewe:

```
t = fileread('mvua.csv');
t = strrep(t, ',', '.');
t = strrep(t, ';', ',');
f = fopen('mvua_safi.csv', 'w');
fprintf(f, '%s', t);
fclose(f);
M = dlmread('mvua_safi.csv', ',', 1, 1, 'emptyvalue', NaN);
```

Mpangilio wa `strrep` mbili usiubadilishe. Koma ziwe nukta kwanza, ndipo nukta mkato ziwe koma. Ukianza na ya pili, koma mpya zitageuzwa nukta pamoja na zile za desimali, na hutaweza kuzitenganisha tena. Pia usiandike juu ya faili la asili. Ndiyo maana nimelipa jina jipya.

Kwenye `dlmread`, hizo 1 na 1 maana yake ruka safumlalo moja ya vichwa na safuwima moja ya tarehe. Hapa kuhesabu kunaanzia 0, tofauti na vipengele vya matriksi.

Sasa hiyo `'emptyvalue', NaN` (`NaN` ni "si namba", alama ya thamani isiyokuwepo). Hili naliomba kila anayeshughulika na vipimo vya nje alishike. Bila maneno hayo, kisanduku kitupu kinasomwa kama 0. Kwenye data ya mvua, 0 ni kipimo halali: siku hiyo haikunyesha. Kisanduku kitupu ni kitu kingine kabisa: hakuna aliyepima. Ukivichanganya, wastani unashuka na siku za kiangazi zinaongezeka, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia.

Mfano mdogo, milimita za siku nne, moja haikupimwa:

```
>> m = [12; NaN; 0; 8];
>> mean(m)
ans = NaN
>> mean(m(~isnan(m)))
ans = 6.6667
```

Kama ile siku tupu ingesomwa 0, wastani ungekuwa 5. Kutoka 6.67 hadi 5 kwa kisanduku kimoja. Na ukiona `NaN` kwenye jibu usikasirike, inakulinda: inakuambia kuna pengo kwenye data, amua mwenyewe la kufanya. `sum(isnan(m))` inahesabu mapengo. Iandike idadi hiyo kwenye ripoti yako kando ya wastani, msomaji anahitaji kuijua.

---

Kalemie_Lac

Imekubali, aksanti sana. Nilikuwa na mapengo mengi na sikujua yamekuwa sifuri.

---

fundi_namba

Tuje kwenye milinganyo, kwa kuwa ndiyo wengi wanaijia Octave.

```
>> A = [2 1 -1; -3 -1 2; -2 1 2];
>> b = [8; -11; -3];
>> x = A \ b
x =

   2.0000
   3.0000
  -1.0000
```

Mkwaju wa nyuma unatatua `A*x = b`. Tumia huo, si `inv(A)*b`. Kutafuta kinyume cha matriksi ni kazi zaidi na mara nyingi usahihi unapungua. `\` Inaangalia umbo la `A` na kuchagua njia, kisha kazi nzito inafanywa na maktaba ya LAPACK.

Kuna jambo wanaoanza hawalioni kwenye jibu hilo. Octave ikiwa na matriksi ya namba kamili tupu, inaandika 2, 3, -1 bila desimali. Ikikuandikia 2.0000, inakuonyesha kwamba angalau kipengele kimoja si namba kamili hasa, kimekosa kwa kiasi kidogo sana huko mwishoni. Hakiki kwa `norm(A*x - b)`. Ikiwa ya kiwango cha 1e-15, hesabu iko sawa.

Ndiyo sababu usilinganishe desimali kwa `==`:

```
>> 0.1 + 0.2 == 0.3
ans = 0
>> abs((0.1 + 0.2) - 0.3)
ans = 5.5511e-17
```

0.1 haiwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo wa namba mbili, kama 1/3 isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali. Andika `abs(a - b) < 1e-12`, au kiwango kinachoendana na ukubwa wa namba zako.

Sasa onyo ambalo watu hulipuuza:

```
>> A = [1 2; 2 4];
>> A \ [3; 6]
warning: matrix singular to machine precision
ans =

   0.6000
   1.2000
```

Mlinganyo wa pili ni wa kwanza mara mbili, kwa hiyo majibu hayana idadi. Octave imekupa moja, lile fupi kuliko yote, na kukuonya. Badilisha `b` iwe `[3; 7]`, sasa milinganyo inapingana na hakuna jibu kabisa, lakini bado utapewa namba mbili zinazokaribia. Onyo halisimamishi skripti. Ndani ya matokeo marefu linapita juu na namba inabaki.

Kuna hali ya katikati pia: matriksi inayotatulika lakini dhaifu. Pima kwa `cond(A)`. Mfano, `hilb(10)` ni matriksi ya Hilbert ya 10x10, na `cond(hilb(10))` ni karibu 1.6e13. Hesabu ya haraka: tarakimu 16 toa 13, unabaki na kama 3 za kuaminika. Kuandika majibu ya desimali kumi kutoka kwenye matriksi hiyo ni kumdanganya msomaji.

---

Safuwima

Nakubaliana kwa asilimia zote. Na kwa wenye vipimo vingi kuliko vigeu, `polyfit` ndiyo njia fupi ya kupata mstari unaovikaribia vyote:

```
>> x = [1 2 3 4 5];
>> y = [2.1 3.9 6.2 7.8 10.1];
>> p = polyfit(x, y, 1)
p =

   1.990000   0.050000
```

Mteremko unatangulia, kisha mahali mstari unapokata mhimili. `polyval(p, 6)` inakupa 11.99. Chora kila mara, `plot(x, y, 'o', x, polyval(p, x))`, maana mstari ulionyooka utapita hata kwenye data iliyopinda.

---

BintiHesabu

Nikiandika `A = rand(5000)` kompyuta inaanza kumwaga namba bila kukoma. Nazima Octave kwa nguvu kila mara. Kuna njia nyingine?

---

mdau_wa_linux

Ctrl+C, subiri kidogo itakoma. Umesahau nukta mkato, na hizo ni namba milioni 25. Kwenye kumbukumbu zinachukua MB 200, kwa sababu kila namba ni baiti 8. Piga hesabu hiyo kabla ya kuunda matriksi: 10000 kwa 10000 ni MB 800, na amri kama `B = A*A` inahitaji nafasi ya nyingine kando. Mashine ya RAM GB 4 haitafika mbali.

Ukizima kwa nguvu unapoteza vigeu vyote. Hifadhi kila ukifika hatua muhimu:

```
save -v7 kazi.mat A b x
```

Kesho yake `load kazi.mat`. Hiyo `-v7` inafanya hata mwenye MATLAB aweze kulifungua.

Amri unazotaka ziendeshwe kila ukifungua ziweke kwenye faili la `~/.octaverc`, mfano `format long` na `pkg load statistics`. Pakeji (kifurushi cha fanksheni za ziada) haijipakii yenyewe hata kama imesakinishwa. Ukiona fanksheni iko kwenye maelezo lakini inakuambia `undefined`, kwanza `pkg list`, kisha `pkg load`.

---

Kalemie_Lac

Chuo chetu kinasahihisha kwa MATLAB. Nikifanya kazi kwa Octave nitapata shida?

---

Kipima_Mvua

Ukijizuia kidogo, hapana. Octave inakubali vitu ambavyo MATLAB haivijui: maoni ya `#`, alama `!=`, `endif` na `endfor`, `x++`, na `printf`. Andika `%`, `~=`, `end`, `x = x + 1`, na `fprintf`. Maandishi yawe ndani ya alama moja za kunukuu. Ile `'emptyvalue'` niliyoitaja juu ni ya Octave. Upande wa MATLAB tumia `readmatrix`, yenyewe huweka `NaN` kwenye visanduku vitupu.

---

BintiHesabu

La mwisho kwangu. Nikiendesha `octave grafu.m` kwenye terminali, dirisha la grafu linatokea na kupotea hapohapo.

---

mdau_wa_linux

Skripti ikifika mwisho Octave inajifunga, na grafu inaondoka nayo. Kama unataka kuihifadhi, weka `print -dpng grafu.png` baada ya `plot`. Kama uko kwenye seva isiyo na skrini, tangulia na `figure('visible', 'off')`; ikisumbua bado, `graphics_toolkit gnuplot` kabla yake, mradi gnuplot imesakinishwa. Na kama unataka kuitazama tu, weka mstari wa mwisho wa skripti `waitfor(gcf)`: Octave itangoja mpaka ufunge dirisha mwenyewe.